Sura ya Tano: Karani wa Masjala na Kasa wa Maziwe

Mkabala wa pwani ya Pangani, mwendo wa kilomita kama nane kutoka ufukweni, kuna mahali ambapo ramani za zamani huonyesha kisiwa na ambapo msafiri wa leo, akifika maji yakiwa yamejaa, haoni ila bahari. Maji yakipwa hujitokeza fungu la mchanga mweupe lisilo na mti wala jani, na watalii hushuka kutoka mashuani wakaoga na kupiga picha kwa muda wa saa chache, mpaka bahari irudi kulitwaa. Mahali hapo huitwa Maziwe. Wazee wa mji waliokula chumvi nyingi wanakumbuka mivinje iliyosimama juu yake na wavuvi waliolala chini ya mivinje hiyo upepo ulipokataa, na katika miaka ya 1970 watafiti walikihesabu kisiwa hicho miongoni mwa mahali bora kabisa pa kutagia kasa katika mwambao wa Tanzania Bara. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa eneo tengefu. Lakini muongo ule haukuwa umeisha bado, mivinje ilikwisha kutoweka na mchanga ukaanza kuchukuliwa na mikondo, hata ikawa kwamba sheria ilikifikia kisiwa wakati chenyewe kilikwisha kukata shauri la kuondoka.

Kwa nini kilizama, wajuzi wanahitilafiana hata leo. Wako wanaosema ni shoka, kwa kuwa miti ilikatwa na mizizi iliyoshika mchanga ikafa. Wako wanaotaja bahari kupanda na mikondo kubadili njia. Na wako wanaotazama juu ya mto Pangani, kwenye mabwawa yanayozuia tope na mchanga usiteremke kuja kulisha pwani. Mimi sina elimu ya kuamua kesi hii, ila naona kuwa katika sababu zote tatu ile ya shoka ndiyo pekee ambayo mtu wa Pangani angeweza kuizuia kwa mkono wake, na labda ndiyo sababu wazee huitaja kwa sauti ya chini kuliko zile nyingine.

Kasa, kwa upande wao, hawakupewa taarifa. Kasa jike akipevuka, jambo ambalo humchukua miaka ishirini na zaidi, hurudi kutaga katika pwani za maeneo alikozaliwa, wala hakuna hoja itakayomshawishi kwamba ufuko wa kuzaliwa kwake umekuwa fungu linalofunikwa kila siku. Hupanda usiku, mzito, akiburuta kiwiliwili kinachoweza kupita kilo mia, akachimba, akataga mayai mia moja na ushei, akafukia, akarudi majini. Naye hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi. Maji makuu yakija huyafunika mayai hayo, na kwa kuwa kijusi kilichomo huvuta hewa kwa kupitia ganda, hufa pale pale. Ndipo ikazuka kazi ya kuyahamisha: kuyafukua mayai ya Maziwe, kuyavusha kwa mashua mpaka pwani ya Ushongo, kusini mwa mto, na kuyafukia upya juu ya kipimo cha maji. Ni kazi isiyo na ujira mkubwa na mara nyingi isiyo na ujira wowote, na katika kazi hiyo ndipo tunapokutana na mtu wa sura hii.

Mstaafu ninayemsimulia si mtu mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa wastaafu kadha wa kadha waliohamia miji midogo ya mwambao, kila mmoja akachangia tabia moja au mbili, nami nikampa kazi ya mmoja wao, ukarani wa masjala, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza zaidi. Alihudumu bara, akahifadhi majalada ya watu wengine kwa zaidi ya miaka thelathini. Akastaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60. Akapokea kiinua mgongo chake. Na badala ya kurudi kwao alikozaliwa, akajenga nyumba ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, kwa sababu ambazo kila mstaafu huzieleza kwa namna mbili, moja mbele ya watoto wake na nyingine mbele ya marafiki zake. Bahari hakuijua. Kuogelea hakuweza. Alikuwa na miwani, saa ya mkononi, na mazoea ya kuandika tarehe juu ya kila karatasi.

Watu wa Pangani wana adabu ya kale katika kupokea wageni, kwani mji wao umewapokea wengi, na si wote waliokuja kwa hisani. Misafara iliteremka kutoka bara na pembe na watumwa. Waarabu wa Omani na Wahindi walifungua maduka. Wadachi walikuja na bendera, na Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewainukia mwaka 1888, akanyongwa na hao hao katika mji huu mwezi wa Desemba 1889. Wenye mashamba ya mkonge wakafuata, na makarani nyuma yao. Shaaban Robert mwenyewe alikaa hapa katika ujana wake akiwa karani wa forodha, naye pia alikuja kwa amri ya ofisi. Kwa hiyo mji haushangai upesi. Mgeni huamkiwa, huulizwa hali, hukaribishwa kahawa na kashata, wala haulizwi atakaa mpaka lini. Maswali huulizwa akisha kuondoka barazani. Na maswali juu ya karani wetu yalikuwa mengi, kwa kuwa wote waliomtangulia walijulikana walichotaka, iwe pembe, kodi, ardhi au kura, lakini huyu alisema anataka kusaidia kasa. Katika mji uliozoea biashara, mtu asiyetaka kitu ni mtu ambaye bado hajasema anachotaka.

Methali ya mgeni na jembe imesemwa mara nyingi mno, nami sitairudia. Iliyo na maana zaidi hapa ni ile isemayo mgeni njoo mwenyeji apone, kwa maana haielezi mwenyeji anapona nini, wala mgeni analeta dawa gani. Wageni wengi hudhani dawa ni maarifa yao. Wastaafu ndio huongoza katika dhana hiyo, kwa sababu mtu aliyeamuru kwa miaka mingi hushindwa kuamini kwamba amri zilikuwa mali ya kiti alichokalia, si mali yake.

Safari ya Maziwe haina saa ya ukutani. Maji ndiyo yenye saa. Siku za bamvua fungu huonekana vizuri, na siku za maji mafu huenda lisionekane la maana, hivyo nahodha ndiye husema twende au tusiende, na karani, ambaye katika maisha yake aliyeamua ratiba alikuwa bosi au kalenda, alilazimika kujifunza kungoja neno la mtu asiyevaa saa. Wakifika hutafuta mburuzo, njia pana iliyochorwa na makasia ya mnyama kutoka majini mpaka juu na kurudi. Pale alipogeuka ndipo panapochimbwa, kwa mikono, kwa subira, maana sururu ingepasua mayai. Shimo la kasa limeumbwa kama mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana, na kina chake hukaribia dhiraa. Mayai ni meupe, ya mviringo, na ganda lake halivunjiki kwa urahisi bali hubonyea chini ya kidole. Hutolewa moja moja na kupangwa ndani ya ndoo yenye mchanga mbichi, huku karani akihesabu kwa sauti na kuandika.

Usiku wake wa kwanza, akiwa na haraka ya mtu anayetaka kuonekana anajua, alilitoa yai akalizungusha kiganjani kulitazama chini ya kurunzi.

"Usiligeuze, Bwana Karani," nahodha akamwambia. "Lilivyolala kwa mamaye ndivyo lilale na huko tuendako."

"Likigeuzwa lina nini, Nahodha?"

"Halitoi kitu. Mimi nimeyala haya kabla hayajakatazwa, na baba yangu kabla yangu. La kugeuzwa tunalijua."

Vitabu vya elimu ya viumbe vinasema vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi: saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza kwenye utando wa juu ndani ya ganda, na yai likizungushwa baada ya hapo, utando huo huachana nacho na kijusi hufa. Karani alisoma habari hizo baadaye, akazinakili. Lakini alikwisha kuzipata usiku ule kutoka kwa mtu aliyezijua kwa kuyala mayai, na kama kuna jambo lililombadilisha ni hilo: kwamba katika kazi ya hifadhi mwalimu wake wa kwanza alikuwa mlaji.

Ng'ambo, Ushongo, mashimo huchimbwa upya kwa kina kile kile, yakazungushiwa uzio dhidi ya nguchiro, mbwa na kaa wa ufukweni. Kisha hapana la kufanya kwa muda wa miezi miwili hivi ila kulinda na kutazama joto. Joto ndilo linaloamua jinsia ya kasa: mchanga ukiwa karibu nyuzi 29 hupatikana madume na majike, ukipoa zaidi huzidi madume, ukipata moto zaidi huzidi majike, kwa hiyo mwaka wa jua kali ufuko mzima waweza kutoa majike karibu watupu. Vitoto vikitoka usiku hufuata upande wenye mwanga, ambao tangu kuumbwa kwa dunia ulikuwa upande wa bahari, na siku hizi ni upande wa taa za hoteli. Hapa ndipo karani alipopata manufaa yake ya kwanza yaliyo dhahiri. Hakuna mvuvi wa Ushongo ambaye angesikilizwa akienda kwenye hoteli kuomba taa za ufukweni zizimwe au zielekezwe chini, lakini mzee mwenye miwani, aliyeandika barua yenye kumbukumbu namba, tarehe na nakala kwa afisa uvuvi wa wilaya, alisikilizwa. Naona haya kuusifu ukweli huu, kwa kuwa unaonyesha jinsi tunavyowagawia watu masikio. Hata hivyo taa zilielekezwa chini.

Ugomvi ulikuja na jarife. Wavu huu, wenye matundu mapana, hutegwa kwa ajili ya papa na taa na samaki wengine wakubwa, lakini kasa naye hunaswa humo, na akinaswa muda mrefu bila kupanda juu kupumua, hufa. Sheria ya Tanzania inakataza kumvua na kumuua. Karani, aliyeheshimu kila neno lililopigwa chapa na Serikali, alisimama siku moja bandarini mbele ya vijana walioleta kasa aliyekufa na kuanza kuwasomea kifungu. Mmoja wao, aliyemwamkia shikamoo kwa unyenyekevu wote kabla ya hapo, akamuuliza: "Mzee, pensheni yako huingia hata kusi likivuma?" Watu wakacheka, na swali halikujibiwa.

Halikujibiwa kwa sababu jibu lake lilijulikana. Mstaafu hana wavu, hana chombo, hana mjomba mwenye chombo, wala hana shamba la minazi linalogombaniwa na ndugu zake. Hana himaya yoyote ya kulinda katika mji ule. Ukosefu huo wa fungu humfanya afae kuhesabu, kwa kuwa hesabu yake haiongezwi wala kupunguzwa na maslahi, na humfanya afae kupeleka barua, kwa kuwa hana deni kwa mtu yeyote. Lakini ni ukosefu huo huo unaomfanya awe mwepesi wa kuwataka wengine wapoteze kile ambacho yeye hakuwa nacho. Kasa akinaswa huupasua wavu, na wavu uliopasuka ni siku nyingi za njaa. Atakayemwambia mwenye wavu amkate kasa kamba na kumwachia, hana budi kuwa tayari pia kuzungumza juu ya uzi na sindano ya kushonea. Kwingineko mwambaoni, Mafia kwa mfano, jambo hili lilifahamika mapema: mtu aliyeonyesha kiota alipewa bakhshishi, na sehemu ya bakhshishi hiyo ikategemea idadi ya mayai yaliyoanguliwa, ili mlinzi awe na sababu ya kulinda mpaka mwisho. Wapo wanaosema malipo huharibu moyo wa kujitolea. Sijawahi kusikia neno hilo kwa mtu asiye na mshahara au pensheni.

Hoja iliyowashika vijana zaidi ya sheria ilitoka Pemba, nayo ilikuwa ya msiba. Nyama ya kasa huweza kuwa na sumu isiyoondolewa kwa kupikwa. Mwaka 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kuila. Na mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko huko Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na makumi ya wengine wakalazwa. Habari hizi zilifika Pangani kwa redio na kwa simu za jamaa kabla karani hajapata kuziandika popote, na akina mama walizihubiri jikoni kwa nguvu ambayo hakuna semina iliyopata kuwa nayo.

Juu ya mikoko nitasema machache, maana habari yake inataka sura yake yenyewe. Mgeni aliyestaafu hupenda kupanda miti, na hupenda kuipanda katika safu zilizonyoka, na kampeni nyingi za kupanda mikoko katika Bahari ya Hindi zimepanda miche mahali palipo wazi kwa sababu palikuwa wazi, bila kuuliza kwa nini pamebaki wazi. Mikoko ina madaraja yake. Mlilana hutangulia mbele ukiikabili bahari. Mkoko wenyewe hufuata na magongo ya mizizi yake. Nyuma yake huja mkandaa. Na mchu, unaovumilia chumvi kuliko wengine, aghalabu hukaa mwisho kuelekea nchi kavu, ingawa huonekana na mbele pia. Mche wa daraja hili ukipandwa katika daraja lile hufa ama kwa kuzama ama kwa kukauka. Wakataji wa zamani waliouza boriti kwa korija walijua utaratibu huo bila kusoma, na hekima ya karani, kwa mara moja, ilikuwa kumtafuta mmoja wao na kumpa kigingi ashike mbele.

Basi kilichobaki kuwa chake ni daftari. Alilipiga mistari kwa rula: tarehe, hali ya maji, mahali pa kiota, idadi ya mayai, siku ya kuhamishwa, siku ya kuanguliwa, waliotoka hai, yaliyoharibika. Lilikuwa daftari la kuchosha, na lilikuwa na thamani kuliko ari yote iliyomwagika pwani ile, kwa sababu kasa ni mnyama asiyeweza kufahamika kwa mwaka mmoja wala kumi. Hukadiriwa kwamba katika vitoto elfu huenda akafika utu uzima mmoja. Na huyo mmoja, akitoka leo, atapanda pwani kutaga wakati ambapo mtu wa miaka 60 aliyemvusha kwa ndoo atakuwa, kwa hesabu ya kawaida, amekwisha kuzikwa. Karani aliyajua hayo na hayakumhuzunisha. Masjala ilikuwa imemzoeza kufunga majalada ambayo yatafunguliwa na mtu mwingine.

Lakini daftari liliwekwa nyumbani kwake, ndani ya kabati, na ufunguo ukawa mfukoni mwake. Afisa wa wilaya akitaka idadi alimwendea yeye; mwanafunzi wa chuo akija na utafiti wake alimwendea yeye; na taratibu, bila mtu yeyote kukusudia, kasa wa Maziwe wakawa kasa wa karani. Nahodha ndiye aliyelisema jambo hilo mkutanoni, kwa adabu, baada ya dua na baada ya ajenda nyingine zote kwisha. "Tunamshukuru Bwana Karani," alisema. "Ametuandikia vizuri. Sasa, Mungu amweke, lakini sote ni wa safari. Akiondoka, tutamwomba nani ufunguo?"

Hapakuwa na ghadhabu. Ilipatana kwamba daftari likae ofisi ya kijiji, na kwamba liandikwe na binti wa jirani yake nahodha, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye alikwisha kujua kuchimba bila kupasua yai. Karani amfundishe kwa msimu mmoja, kisha abaki kuandika barua tu. Alikubali, ingawa alidai kwanza hati ya makabidhiano yenye saini mbili, nayo ikaandikwa.

Msimu uliofuata alitaka kuangalia jambo fulani katika kurasa za mwaka wa nyuma, akavuka njia ya mchanga mpaka ofisini mchana wa Ijumaa. Mlango ulikuwa wazi na kabati limefungwa. Kijana aliyekuwapo alimwamkia, akamwambia kwamba mtendaji ametoka, ufunguo anao yeye, na kwamba mzee aje Jumatatu, asubuhi, si baada ya saa sita. Karani alifungua kinywa aeleze kuwa daftari lile ni kazi ya mkono wake, kisha akakumbuka ni watu wangapi waliowahi kumweleza maneno ya namna hiyo dirishani kwake, na alivyokuwa akiwajibu. Akauliza Jumatatu saa ngapi hasa, akaandika kwenye karatasi, akateremka kwenda kwa fundi kuulizia mashine ya mashua, ambayo ilikuwa haijatengemaa na bamvua lilikuwa karibu.